Jino la Zakaria, Mpiga Tarumbeta

Wajukuu zangu mnaopandikiza meno siku hizi, nawasikia mkisema kazi hiyo ni mambo ya kisasa. Sawa. Mna taa isiyotetemeka, mna picha ya taya inayotokea kwenye kioo kabla chai haijapoa. Lakini jino la kupandwa la kwanza nililoliona kwa macho yangu lilikuwa kinywani mwa mtu wa Igowole, miaka ya sabini, enzi ambazo tulichemsha vyombo kwenye jiko la mafuta ya taa na kutoboa meno kwa mashine ya kukanyaga kama cherehani. Na jino lile tulilitunza likakaa. Nimestaafu zamani, magoti yananiuma kila mvua ya Mbeya inaponyesha, yaani karibu kila siku, lakini nikilikumbuka jino lile nakaa wima.

Mimi ni Tumpe. Wagonjwa waliniita Sista Tumpe, wengine Nesi wa Meno. Kazi nilianzia Mbeya, mikononi mwa Mzee Ambakisye, fundi wa meno ya bandia. Alikuwa mtu wa Tukuyu, mfupi, mikono imejaa plasta muda wote, ukisalimiana naye unabaki na unga mweupe kiganjani. Mafundi wengine walimvisha mgonjwa meno, wakamwonyesha kioo, wakamuaga. Mzee Ambakisye yeye alimkalisha mgonjwa kwenye benchi, akampa beseni na mswaki, akamwambia ayavue, ayaoshe, ayavae tena. Akikosea, arudie. Hata awe mkuu wa shule, alirudia.

"Meno nimekupa mimi," alikuwa akimwambia. "Mdomo ni wako. Sasa tujifunze kuuosha."

Mwanzoni niliona anapoteza muda. Foleni ndefu nje, watoto wanalia, yeye anamfundisha mtu mzima kuosha mdomo. Kisha nikaanza kuona wanaorudi.

Alirudi mama mmoja wa Mbalizi, mcheshi sana, tuliyemtengenezea meno yote ya juu. Siku aliyokabidhiwa meno, Mzee Ambakisye hakuwepo, alikuwa msibani, kwa hiyo mafunzo ya benchi hakuyapata. Meno aliyaleta mkononi, yamejikunja kama gome la mti lililokaa juani. Mzee akayageuzageuza.

"Mama, umeyafanya nini haya?"

"Nimeyachemsha, baba. Si mlisema yawe safi? Nikayatia sufuriani pamoja na chupa ya mtoto."

"Na chupa ikoje?"

"Chupa nzima."

Tulijizuia kucheka mpaka alipotoka. Halafu kulikuwa na mzee mfugaji, mmoja wa wale waliohama na ng'ombe wao kutoka kaskazini wakaja kukaa bonde la Usangu. Yeye aliyasugua meno yake kwa mchanga wa mtoni, kama mke wake alivyosugua masufuria. Aliporudi yalikuwa yananuka, naye akalalamika kwamba kila akiyasugua ndivyo yanavyozidi. Mzee Ambakisye akanipa kioo cha kukuzia nitazame. Meno yale yalijaa mikwaruzo, na kila mkwaruzo umeshika uchafu. "Unaona," akaniambia, "kitu kikikwaruzwa hakisafishiki tena. Anayesugua kwa nguvu anachimba mashimo ya kuficha taka." Neno hilo lilikuja kutufaa sana, kama mtakavyosikia.

Baadaye nilipata uhamisho wa Iringa, nikamkuta Mzee Ambakisye kahamia kabla yangu. Daktari wetu pale alikuwa Dokta Simeoni, Mhehe mpole, aliyekuwa na tabia ya kukuna kidevu kabla ya kusema jambo gumu. Kwetu sisi wa Mbeya, Iringa ilikuwa na vumbi jingi na upepo, lakini kazi ilikuwa tamu. Sisi watatu tulielewana.

Ilikuwa wakati wa Kwaresima, mvua imeharibu barabara ya Mufindi, alipoingia mwanamume mrefu ameziba mdomo kwa leso. Nyuma yake mke wake, Mama Neema, amebeba kikapu. Viatu vya wote wawili vilikuwa na tope jekundu mpaka vifundoni.

"Kamwene," akasalimu bila kuondoa leso.

"Kamwene. Keti hapa, baba. Jino gani?"

"Jino hili si la kung'oa, sista," akasema. "Nitangulize kusema. Siling'oi."

Jina lake Zakaria. Alikuwa fundi wa misumeno kwenye kiwanda cha mbao, na kanisani kwao, kanisa la Kilutheri, ndiye aliyeongoza matarumbeta. Ninyi mliokua na spika na vinanda vya umeme hamwezi kuelewa matarumbeta yalikuwa nini kule. Harusi bila matarumbeta ilikuwa kama kikao cha familia. Na Zakaria ndiye aliyepiga tarumbeta la kwanza, lile linalobeba wimbo wengine wakiufuata. Watu walisema akipiga upande wa chai unasikia upande wa misitu.

Kiwanda kilikuwa kimempeleka Ulaya kusomea mashine za mbao. Huko aliteleza kwenye barafu akiendesha baiskeli, jino la mbele la juu likatoka zima. Mpiga tarumbeta bila jino la mbele ni kama mtu aliyekatwa kidole cha kushonea. Akatumia wiki nyingi chumbani kwake akijaribu kupiga, pumzi ikitoka pembeni kama tairi lililotoboka. Wenzake wa bendi ya kanisa la huko wakamhurumia, wakampeleka kwa profesa mmoja aliyekuwa anafanya mambo mapya: badala ya kumvisha jino la kuvua na kuvaa, alimchana fizi, akamtia bamba la chuma ndani ya mfupa wa taya, na juu yake akasimamisha jino la kaure.

"Likashika?" nikauliza.

"Likashika. Nilirudi nyumbani nikapiga Krismasi mbili. Wala hujui kama si langu." Kisha akaondoa leso.

Jino lenyewe lilikuwa zuri, jeupe, limekaa kwenye mstari na wenzake. Lakini fizi iliyolizunguka ilikuwa nyekundu ya kuiva, imevimba. Nilipoigusa kidogo kwa pamba ilitoa damu, na nilipobonyeza, usaha.

"Linauma?"

"Haliumi hata kidogo. Ndiyo maana nilikaa kimya. Ila sasa linanuka, na juzi nikipiga nimehisi limecheza."

Shikeni hapo, wajukuu zangu. Jino la kuzaliwa likiugua hukupigia kelele usiku kucha. La kupandwa halina mshipa wa kulia. Linaweza kufukiwa na usaha likiwa limekaa kimya kama mtoto anayekula sukari. Asiyelitazama hajui.

Dokta Simeoni akaja, akatazama, akampeleka eksirei. Picha ilipokauka tukaishika dirishani, vichwa vitatu pamoja. Ndani ya mfupa kulilala bamba jembamba lenye matundu, kama kipande cha msumeno, na kishingo chake kimepenya fizi kwenda kubeba jino. Kuzunguka kishingo, mfupa ulikuwa umeanza kuliwa. Dokta akakuna kidevu.

"Nimesikia habari za vitu hivi chuoni," akamwambia Zakaria. "Kukiona, leo ndiyo mara ya kwanza. Sitakudanganya."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nikilitoa leo, bamba litatoka na mfupa wake. Utabaki na shimo ambalo hata jino la kuvua halitakaa vizuri. Nikiliacha kama lilivyo, usaha utamaliza mfupa na litaanguka lenyewe. Linabaki jambo moja. Tuiponyeshe fizi, tuone kama mfupa utakubali kubaki."

Zakaria akageuka kunitazama mimi, kana kwamba nitampa jibu jepesi zaidi. "Lakini niliambiwa jino hili haliozi," akasema. "Ni chuma na kaure. Kinaoza nini?"

"Unalisafishaje?" nikamuuliza.

Akairudisha leso mdomoni. Mama Neema, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu salamu, akaweka kikapu chini.

"Halipigi mswaki, sista," akasema taratibu. "Yale mengine anapiga. Hilo analiruka. Anasema la Ulaya, litapauka."

"Mama Neema."

"Si umeulizwa? Ndiyo majibu."

Dokta Simeoni akageukia dirishani kwa muda, nadhani alikuwa anacheka. Mimi nikavuta kiti nikakaa mbele ya Zakaria, nikamweleza kama Mzee Ambakisye alivyonifundisha kueleza, bila kumwaibisha mtu. Nikamwambia ni kweli jino haliozi. Ila limesimama kwenye fizi, na fizi ni nyama, na mfupa uko hai. Chakula na ute vikikaa pale shingoni vinageuka utando, utando unakuwa mgumu kama chokaa, fizi inakimbia, na uchafu unaifuata mpaka mfupani. Jino linabaki jeupe na zima hata siku linapodondoka mkononi.

Akauliza afanye nini. Dokta akampa masharti: sindano za penisilini, kusafishwa na sisi, kujisafisha mwenyewe kila siku bila kukosa, kuacha kuvuta kiko chake. Na asipulize tarumbeta mpaka aruhusiwe.

Hayo ya kwanza yote aliyaitikia. La mwisho lilimsimamisha.

"Dokta, Pasaka ni mwezi ujao."

"Najua."

"Alfajiri ya Pasaka tunakwenda makaburini na matarumbeta. Mimi ndiye ninayeanzisha. Baba yangu amelala pale. Nimerudi kutoka Ulaya na jino hili kwa sababu hiyo."

"Kila ukipuliza, mdomo wa tarumbeta unalisukuma jino nyuma," Dokta akasema. "Mfupa unataka kushika, wewe unautikisa. Piga Pasaka hii, na nadhani hutapiga nyingine."

Zakaria alitoka nje akasimama barazani muda mrefu. Mama Neema hakumfuata. Aliniuliza tu, "Huo mswaki uwe wa namna gani?"

Sasa ikaja kazi yenyewe. Ukoko ulioshika kwenye kishingo cha jino ulikuwa mgumu, na vyombo vyetu vya kukwangulia vilikuwa vya chuma cha pua. Niliposhika kimoja Mzee Ambakisye akanizuia mkono.

"Mwanangu, kumbuka meno ya yule mfugaji."

Dokta akaelewa mara moja. Bamba lile lilikuwa la titani, chuma laini kuliko chombo changu. Ningeondoa ukoko na kuacha mikwaruzo, na kila mkwaruzo ungekuwa nyumba ya uchafu mpya. Tukakaa tukafikiri. Kijiti cha mti kilikuwa laini mno, kijiti cha mfupa wa ng'ombe kilikuwa kinavunjika ncha. Mwisho Mzee Ambakisye akachukua ile akriliki ya waridi tunayotengenezea ufizi wa meno ya bandia, akaipika kwenye maji ya moto mpaka ikakomaa, akaipiga tupa jioni nzima, na asubuhi akaniletea kijipindo kidogo cha kukwangulia, chenye ncha nyembamba kama ukucha. Kilikuwa kigumu cha kutosha kubandua ukoko, na laini kuliko titani. Dokta alikijaribu kwanza mwenyewe, akakitazama kwenye mwanga, akanikabidhi. "Endelea wewe, Tumpe. Mkono wako ni mwepesi kuliko wangu."

Nilisafisha kidogo kidogo, kila wiki aliyokuja. Leo nikipita madukani kwenu naona vijipindo vya plastiki vya kusafishia meno ya kupandwa, vimefungwa vizuri vinatoka ng'ambo. Nacheka kimoyomoyo.

Lakini msifikiri nililiponya mimi kwa kusafisha wiki kwa wiki. Jino huponea nyumbani. Nilimfundisha Zakaria na mke wake pamoja, mbele ya kioo. Mswaki laini, uulaze pale fizi inapokutana na jino, uutikise taratibu, usiusukume kama unafagia uwanja. Nyuma ya jino pia, kwa sababu huko ndiko watu husahau. Kisha uzi. Uzi wa kupitisha katikati ya meno haukuuzwa Iringa, kwa hiyo tulichukua uzi wa kushonea, Mama Neema akaupaka nta ya nyuki wa kwao, ukateleza vizuri. Unauzungusha shingoni mwa jino kama unavyopitisha kitambaa kwenye kiatu, huku na huku, bila kuikata fizi. Halafu kusukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Asifungue soda kwa meno, asirarue muwa kwa meno ya mbele. Na akiona damu asiache kusafisha kwa woga, maana damu ni fizi inayoomba kusafishwa. Aje atuone.

Kwenye mafunzo Zakaria alikuwa na mikono mizito, mikono ya misumeno. Mama Neema alishika mara moja. Basi yeye akawa mkaguzi. Kila baada ya chakula cha jioni alimwinua mume wake mdomo kwa kidole gumba mbele ya dirisha, watoto wakitazama.

"Ananikagua kama ng'ombe wa mnadani," Zakaria alinilalamikia.

"Na ng'ombe ana hali gani?" nikamuuliza Mama Neema.

"Anaendelea vizuri," akasema.

Pasaka ilipofika niliomba ruhusa nikapanda lori la mbao mpaka Igowole, kwa rafiki yangu aliyekuwa mkunga huko. Nilimwambia Dokta nakwenda kusalimu. Ukweli ni kwamba sikuwa na imani. Nilijua mpiga tarumbeta akisimama mbele ya kaburi la baba yake, masharti ya hospitali yanaweza kuwa mepesi.

Tuliondoka kanisani bado giza jembamba, ukungu umekaa kwenye mashamba ya chai, baridi ile ya Mufindi inayoingia mpaka kwenye kucha. Watu walikuwa wengi, wamejifunga mablanketi. Matarumbeta yalijipanga pembeni mwa makaburi. Zakaria alikuwa amesimama mbele yao mikono mitupu. Tarumbeta lake lilikuwa limeshikwa na mke wake, limefungwa kwenye kanga.

Aliinua mikono, akaanzisha kwa vidole. Yule aliyekuwa tarumbeta la pili ndiye aliyebeba wimbo. Sauti ilianza ikayumba, kwenye noti ya juu ikakwaruza, na nikaona mabega ya Zakaria yakiinuka kana kwamba anaipuliza yeye. Midomo yake ilikuwa imebanwa kabisa. Machozi yalimtiririka akaacha yatiririke, mikono ikiendelea kupiga mwendo. Kwenye ubeti wa pili sauti ikatulia, watu wakaitikia, na jua likatokea juu ya misitu.

Baada ya ibada alinikuta kwenye njia.

"Ulikuja kunichunga, sista."

"Nilikuja kusali."

"Sawa," akasema. "Umeona lakini."

"Nimeona."

Fizi haikupona kwa haraka. Wakati mwingine alikuja na usaha umerudi, tukaanza upya, na siku moja Dokta alikuna kidevu mpaka nikadhani basi, limeisha. Lakini hawakuacha, wala sisi hatukuacha. Mvua zikaisha, kipupwe kikapita, na asubuhi moja nilipobonyeza fizi ile haikutoa kitu. Ilikuwa imelibana jino, rangi yake kama ndani ya shavu la mtoto. Dokta akaligonga jino kwa mpini wa kioo, kisha akaligonga la pembeni yake, na la kupandwa halikucheza. Akapiga eksirei nyingine. Mfupa ulikuwa umesimama pale pale ulipokuwa, haukuliwa zaidi.

"Umekuja na tarumbeta?" akamuuliza.

Mama Neema akafungua kikapu. Kumbe alikuwa akilibeba kila safari na sisi hatukujua.

Dokta akamwonyesha namna ya kulisogeza tarumbeta kidogo pembeni, uzito uegemee meno yake ya kuzaliwa. Wakatoka barazani. Mwanzoni ilitoka pumzi tupu. Akalamba midomo, akajaribu tena, na safari hii ikatoka noti moja, nyembamba, ikanyooka. Kisha akapiga ubeti mzima, polepole, ule wa makaburini. Foleni ya wagonjwa ikageuka kutazama. Mama aliyekuwa na shavu limevimba akaondoa mkono shavuni asikilize. Mzee Ambakisye alitoka kwenye chumba chake mikono ikidondosha plasta, akasimama mlangoni mpaka mwisho, kisha akasema kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," ahsante sana, akarudi ndani kabla plasta haijakauka.

Nimefanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Nimepewa vyeti na blanketi la kustaafia. Hakuna kitu nilichopewa kinachofanana na asubuhi ile barazani.

Basi nyie mnaopanda meno, najivunia kwamba mnapanda. Ila msimruhusu mtu kutoka mlangoni kwa sababu tu skrubu imeshika. Mkalisheni. Mpeni mswaki mkononi mumtazame anavyoutumia. Mwiteni mke, mume, binti, yeyote atakayemwinua mdomo jioni. Mwambieni arudi hata kama haumwi, maana hatasikia maumivu. Mkono wenu utapanda jino kwa saa moja, na mikono yao ndiyo itakayolibeba maisha yote.

Zakaria alipiga tarumbeta mpaka nywele zikawa nyeupe, akaja kuwapigia harusi watoto wa watoto aliowapigia harusi. Alipofariki nilikuwa nimeshastaafu, nikasafiri kutoka Mbeya mpaka Igowole. Nilikuwa nimekaa na Mama Neema chumbani wakati wazee waliokuwa wakiuosha mwili walipomtuma mmoja wao mlangoni.

"Mama, samahani," akasema. "Mzee ana jino la bandia hapa mbele. Tumejaribu kulivua, halitoki. Tufanyeje?"

Mama Neema akanishika mkono, akamjibu bila kuinua sauti.

"Hilo halitoki. Lisafisheni tu."

Wakaenda wakalisafisha, tukamzika nalo.